Nahamia Tanga mjini: wako wangapi, na ni watu gani hasa?

MtotoWaKahama

Wakuu habari za jioni. Nimepata uhamisho wa kikazi, mwezi ujao naripoti Tanga mjini. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa na kukulia Kahama, kazi nimefanya Shinyanga na Tabora. Pwani siijui kabisa. Tanga nimepita usiku tu, ndani ya basi la Mombasa, nikaona stendi ya Kange na wauza machungwa wakigonga dirisha, basi.

Naombeni mnisaidie mambo haya. Kwanza, ukubwa wa mji. Mmoja ananiambia Tanga ina watu milioni mbili na nusu, mwingine laki nne. Ipi ni ipi? Pili, ni watu gani wanaokaa pale? Ofisini nimeambiwa "kule ni Wasambaa watupu", shemeji yangu anabisha kwamba ni Wadigo, na jirani yangu aliyesoma huko anasema Waarabu. Mwenye asilimia za makabila anitupie. Tatu, familia yangu ni ya kanisani, mke wangu ni mtu wa kwaya. Tutakaa vizuri? Nne, mtaa gani nipange, mshahara wangu ni wa kawaida, watoto wawili wa shule ya msingi.

Habari za majini na mahaba naomba tuziweke pembeni, nimeshazisikia za kutosha tangu barua itoke.

Kimanumanu

Karibu Tanga, waja leo waondoka leo! Ila wewe hutaondoka. Utakula wali wa nazi na samaki wa Deep Sea wiki moja, ya pili utaandika barua ya kuomba kubaki. Ya majini umeyataja mwenyewe, sisi hatujasema kitu.

MwalimuWaBarabaraZaNamba

Mwanangu, usimsikilize huyo Kimanumanu, timu yake imemtia stress. Ngoja nikujibu mimi, na nitaenda kwa urefu, kwa hiyo kaa na chai.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimebakiza miaka michache nistaafu. Nimezaliwa Ngamiani na bado naishi Ngamiani. Na mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa, nilitembea na kishikwambi mlango kwa mlango, jua la Agosti likiniwakia. Kwa hiyo kwenye hesabu sibahatishi.

Hiyo milioni mbili na nusu ni mkoa mzima: watu 2,615,597, ukijumlisha Lushoto, Korogwe, Handeni, Kilindi, Muheza, Mkinga, Pangani na sisi. Jiji la Tanga peke yake ni watu 393,429. Basi wote wawili waliokuambia wako sawa, hawakutofautisha tu. Lakini hata hiyo ya jiji usiichukue kama watu wa mjini watupu. Mpaka wa jiji umemeza vijiji: Tongoni, Kirare, Chongoleani, Mabokweni. Huko kuna minazi, mihogo na ngalawa, na mtu akitaka kuja hospitali ya Bombo anasema "naenda Tanga", wakati kwenye makaratasi ameshakuwa Tanga siku zote.

Sasa nikupe namba nyingine uielewe hali yetu. Sensa ya 1967 ilikuta watu 61,058 hapa. Mwanza walikuwa 34,861 na Arusha 32,452. Kwa upande wa Bara tulikuwa wa pili baada ya Dar es Salaam. Wa pili, mwanangu! Ilipofika sensa ya 1978 Mwanza ikatupita. Leo Mwanza, Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, ni zaidi ya milioni moja, Dodoma 765,179, Arusha 617,631, Mbeya 541,603. Wametupita wote waliokuwa wakituamkia shikamoo.

Sababu kubwa ni mkonge. Mji huu ulijengwa na mambo mawili, reli na katani. Reli Wajerumani walianza kuichimba hapa 1893, na mwaka huo huo miche ya mkonge ikaletwa upande wa Pangani. Miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, na bandari ya kuitolea ilikuwa hii yetu. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na hapo ndipo mambo yakaanza kulegea. Tulipewa viwanda vya kutufuta machozi, cha mbolea, cha chuma, cha sabuni. Kile cha mbolea kikafungwa, vingine vikawa vinapumua kwa shida, vijana wakapanda basi kwenda Dar. Ukitazama hesabu utaona: kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012 jiji zima liliongeza kama watu elfu thelathini tu, tukafika 273,332. Darasani kwangu niliona kwa macho. Kulikuwa na mikondo ikapunguzwa kwa kukosa watoto, wakati wenzetu Dar wanakaa mia na kitu chini ya mwembe.

Kisha kati ya 2012 na 2022 wakaongezeka watu laki moja na ishirini elfu. Wengine watakuambia ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, linaloishia Chongoleani, na bandari iliyochimbwa kina meli zikafunga gatini badala ya kushushia mizigo kwenye matishari. Yamechangia, sikatai. Mimi naona pia wale vijana waliokwenda Dar wameanza kurudi, kwa sababu chumba cha Dar kimewashinda. Hilo ni la kwangu, hulikuti kwenye ripoti yoyote.

Tuje kwenye makabila. Asilimia hupati, na anayekupa amezitoa mfukoni. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa hiyo ya 1967. Kabila hatuulizi, dini hatuulizi. Tulichouliza ni mtu amezaliwa wapi na anaishi wapi. Nilipokuwa napita kuna mabibi waliokuwa wananitajia kabila bila kuulizwa, nikawa naitikia tu "haya bibi", hakuna hata pa kuandika.

Lakini hukuuliza hivyo ili ujaze fomu, unataka kujua utakaa na nani. Kaya nilizohesabu siwezi kukusimulia, tulikula kiapo cha siri. Nitakusimulia nyumba yetu wenyewe, ambayo ilihesabiwa na karani mwingine. Kijana huyo nilimfundisha mimi darasa la nne.

Ni nyumba ya Kiswahili, zile za Ngamiani ambazo mtaa wake unaitwa kwa namba: barabara ya kwanza, ya pili, mpaka huko ishirini na kitu. Baraza mbele, ukumbi katikati umenyooka hadi uwani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uwani kuna kisima, jiko la kuni, na kamba za nguo ambazo ndizo chanzo cha ugomvi wote wa nyumba hii. Nyumba ni ya marehemu bibi mzaa mama, Mdigo wa Mwambani. Aliijenga yeye, kwa pesa za nazi za shamba alilorithi kwa wajomba zake. Kwa Wadigo wa zamani hilo halikuwa jambo la ajabu. Babu alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuja akiwa kijana, ameandikishwa kazi ya mkonge, wale walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Walibebwa kutoka Kigoma, Songea, Ubena, Unyamwezi, Burundi, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Mkataba ukiisha unapewa nauli ya kurudi kwenu. Babu nauli alipewa, kwao hakurudi. Mama yangu alizaliwa kambini Amboni na ndivyo alivyojibu alipoulizwa: "Andika Amboni, kambi ya katani, mlango wa tatu." Yule kijana akamwambia, "Bibi, huku hakuna sehemu ya mlango." Mama akasema basi andika pembeni.

Chumba cha mbele kulia ni duka, amepanga mjukuu wa Mwarabu wa Kishihiri, ambaye babu yake alitembeza kahawa mitaa hii hii. Chumba kinachofuata ni mama na mimi. Cha tatu, mama mmoja Msambaa wa Bumbuli anayeuza kabichi na karoti soko la Mgandini, saa kumi alfajiri ameshatoka kupokea mzigo unaoshuka kutoka Lushoto. Kushoto kuna fundi cherehani Mpemba na mkewe, kuna mzee Mmakonde mstaafu wa kiwanda ambaye watoto wake wako Duga, na kuna vijana wawili wa Same wanaosoma chuo.

Shida ikaja kwenye kaya. Kwa sensa, kaya ni watu wanaokula pamoja, si wanaolala chumba kimoja. Sasa wale vijana wawili mwanzo wa mwezi wanajipikia, mwisho wa mwezi wakiishiwa wanakula kwa mama. Mzee wa Kimakonde analetewa chakula na binti yake, lakini uji wa asubuhi ni wetu. Karani wangu akasimama ukumbini anauliza, "Mwalimu, hapa kaya ni ngapi?" Nikamwambia wewe ndiye mwenye kishikwambi. Akauliza mkuu wa kaya ni nani, kila chumba kikajibu "Bibi", yaani mama yangu, hata duka.

Basi mwanangu, hiyo ndiyo Tanga mjini. Wenye ardhi ya ukanda huu ni Wadigo na Wasegeju, na Washirazi wa Tongoni na Mtang'ata. Wabondei wako hapo Muheza, kwa treni zamani walikuwa wanaingia na kutoka. Hao walisoma mapema kwa sababu ya misheni ya Magila, kwa hiyo makarani na walimu wengi wa zamani walikuwa Wabondei. Walionifundisha mimi walikuwa Wabondei watupu, na wakali. Wasambaa ni milimani, mjini wamekuja na mboga, biashara na ofisi. Wazigua kwao Handeni. Wapare wamejaa siku hizi. Hao wote mkoa ni wao, halafu juu yao ndio wakamwagika watu wa mkonge kutoka nchi nzima, na ndiyo maana mjini kila mtu anakuita mgosi, neno la Wasambaa na Wabondei, na wanaokuita hivyo nusu yao si Wasambaa wala Wabondei.

Waarabu aliosema jirani yako wapo, Washihiri zaidi, lakini wengi ni watu wa Tanga kwa vizazi vingi na hutawatofautisha mpaka upite kwenye harusi yao. Wahindi ndio waliopungua kweli kweli. Ukitembea mjini, ng'ambo ya reli, utaona majumba ya ghorofa moja au mbili yenye roshani za mbao na mwaka wa kujengwa juu ya mlango. Yalikuwa ya Mabohora, Wahindu, Waismailia, Ithnaasheri, na Wagoa waliokuwa makarani na washona suti. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zilipotaifishwa wengi waliondoka, Uingereza na Kanada. Waliobaki utawaona jioni Raskazone wakitazama bahari. Wagiriki wa mkonge nao walikuwepo, leo wamebakia kwenye jina la shule ya sekondari ya Galanos.

Reli ndiyo mpaka wa zamani. Bahari na upepo upande ule: Raskazone na Chumbageni, walipokaa Wajerumani, wakaja Waingereza, wakaja mabosi wetu. Upande huu Ngamiani, wenyeji na wageni weusi, viwanja vimepimwa kwa rula, mitaa kwa namba. Sasa mpaka haupo, ila kodi ya nyumba inaukumbuka.

Mambo ya kanisa usijali. Tanga mjini Waislamu ni wengi, utaamshwa na adhana kutoka pande nne. Lakini Katoliki wana kanisa kuu lao hapa, Anglikana wana mizizi ya zaidi ya miaka mia, Walutheri wapo, Wapentekoste wameota kila kona. Mke wako akitaka kuimba ataimba. Mfungo wa Ramadhani mchana hoteli nyingi zimefungwa na watu hawali njiani, hilo ndilo la kuzoea. Jioni utaletewa sahani ya futari na jirani usiyemjua jina. Sahani usirudishe tupu.

Mwambani_Asilia

Shikamoo mwalimu. Umesema vizuri lakini kama kawaida ya watu wa Ngamiani, umetumaliza kwa sentensi moja. "Minazi, mihogo na ngalawa." Sisi ndio wenye mji, mji ulipokuja ulitukuta.

Mimi ni Mdigo, nimekulia ukanda huo huo wa bibi yako. Mkuu unayehamia, elewa kwamba hii jiji ina kata 27 na si zote zina mitaa ya namba. Kuna watu wanaitwa wakazi wa jiji ambao maisha yao ni kupwa na kujaa. Mama zetu wanatoka maji yakipwa kuokota chaza na kulima mwani, baba zetu wanavua, na ni sisi tunaolisha hao wa wali wa nazi.

Hilo ongezeko la watu laki na ishirini mnalolishangilia, huku kwetu limekuja na pikipiki za madalali. Bomba lilipotajwa tu, jiwe la msingi likawekwa Chongoleani 2017, bei ya eka ikawa haishikiki. Wazee waliuza minazi ya babu zao, wengine kwa karatasi ya daftari na dole gumba. Leo mtoto wake anapanga chumba Mikanjuni. Halafu huyo huyo anahesabiwa kama ongezeko la mjini. Sawa, ni ongezeko, lakini ametoka kilomita chache tu, na kilichomleta si ajira.

Simchukii mgeni. Kahama karibu sana. Ila ukipewa kiwanja cha bei ya kutupa huku pwani, uliza kwanza ni cha nani, na umuulize mjomba mtu, siyo mtoto wa mwenye shamba. Kwetu ndugu wa mama wana neno kwenye ardhi, na hati haiwajui.

MwalimuWaBarabaraZaNamba

Marahaba mwanangu. Hilo la mjomba ni kweli tupu na nashukuru umeliweka. Bibi alikataa kuuza shamba la Mwambani mpaka anakufa, na waliokuja kutuuliza bei wote walikuwa wanamtafuta baba wa mtu, hawaulizi upande wa mama.

Lakini kusema mji ulipokuja uliwakuta ninyi, na sisi je? Babu yangu amezikwa hapa, mama yangu hajui Kiha hata salamu. Tusije tukaanza kupangana nani alitangulia. Hata Wasegeju wana kisa cha kutoka kaskazini, na Washirazi wana kisa chao, mkianza kukokotoa itabidi mji ubaki na popo wa mapango ya Amboni.

Mwambani_Asilia

Hahaha, sawa mwalimu. Popo hawana hati pia.

LungaLunga254

Niruhusiwe kuingia nikiwa jirani. Niko Kwale, upande wa Kenya. Mdigo vilevile. Mpaka wa Mjerumani na Mwingereza ulipita katikati yetu tu, mashangazi zangu wawili wameolewa Tanga na mmoja Moa. Kukiwa na mazishi, tunajaza matatu hadi Lungalunga, tunavuka Horohoro, tunapanda gari la upande wa pili, na saa saba mchana tuko Tanga tumekaa jamvini. Huko hakuna anayetuuliza ni Wakenya.

Kwa hivyo huyo ndugu anayetaka kujua watu wa Tanga ni kina nani, ajue kuna watu wa Tanga ambao hawalali Tanga. Sensa yenu inauliza nani amelala hapo usiku ule, na yetu ya 2019 ilifanya vivyo hivyo. Shangazi yangu siku ya sensa yenu alikuwa kwetu kwa matanga ya mamangu mdogo, sijui alihesabiwa wapi. Biashara nayo ni hivyo hivyo, machungwa ya Muheza tunakula Mombasa na vitunguu pia. Mkifunga mpaka siku mbili bei ya kachumbari hapa inapanda.

Jambo moja ningependa kusema. Nikiwa Mombasa, mtu akisikia jina langu anajua kabila langu na anashajua nitapigia nani kura. Nikiwa Tanga huwa naulizwa "umefikia wapi?" tu. Nikisema nimefikia kwa shangazi barabara ya kumi na tano, mazungumzo yameisha, wameshanijua.

MtotoWaKahama

Wakuu nawashukuru sana, mwalimu shikamoo. Nimesoma nikampa na mke wangu asome. Amefurahi kusikia habari ya kwaya, ila hiyo ya kamba za nguo imemtia wasiwasi.

Naomba mniongezee. Kazini kwangu nitakuwa karibu na bandari. Nimeambiwa Raskazone ni pazuri, lakini dalali mmoja amenitajia kodi nikakata simu. Mwingine anasema niende Pongwe, ni rahisi. Pili, ni kweli watu wanakwenda kazini kwa baiskeli? Mimi nina yangu ya zamani, niibebe? Na tatu, kuna Wasukuma wenzangu huko? Si kwamba nataka kujitenga, ni kwamba watoto wasisahau lugha.

Kimanumanu

Baiskeli lete. Hapa utaona mzee wa miaka sabini na kanzu na koti anakupita kwenye mlima wa daraja na mkungu wa ndizi nyuma. Mji ni tambarare, mvua ikinyesha tu ndiyo uombe dua. Ila funga kwa mnyororo mbele ya msikiti, hasa Ijumaa. Baiskeli nyeusi zipo mia, unaweza kuondoka na ya mwenzio na yeye akaondoka na ya kwako, na nyote mkafika.

Na uchague timu kabisa kabla hujafika. Coastal Union jezi nyekundu na nyeupe, hao ndio Wagosi wa Kaya, walichukua ubingwa 1988 na bado wanausimulia. African Sports ndio sisi, wenye mji wetu. Msikilize mwalimu kwa mambo yote isipokuwa hili, nina hakika ni Coastal.

MwalimuWaBarabaraZaNamba

Ni Coastal, na sioni haya.

Mwanangu, Pongwe kwa bandarini ni mbali, kila siku kwa daladala utachoka, na vumbi la saruji upande ule lipo. Ni pazuri kwa anayejenga. Wewe tafuta Mwanzange, Usagara au Chumbageni ya ndani, siyo ile ya baharini. Kutoka Usagara hadi bandarini kwa baiskeli hufiki hata kutoa jasho. Makorora na Msambweni nako kodi ni nafuu na watu ni wema, lakini uulize kwanza mvua za masika maji yanakwenda wapi, kuna mitaa inajaa. Mabawa na Magaoni zimejaa vijana na familia mpya, wengi wa kuja kama wewe. Duga na Nguvumali ni za watu wa viwandani, na huko ndiko utakuta watu wa kutoka kila mkoa wamejipanga nyumba kwa nyumba.

Ukipanga, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo na kwa balozi. Kisha toka jioni, kaa barazani na watu wa kahawa. Usinunue kikombe kimoja ukaondoka, kaa. Watakuuliza kwenu wapi, watauliza watoto wangapi, watakupa kashata, na kesho yake mtaa mzima una habari zako. Mtu wa bara mara nyingi anajifungia ndani akidhani anatupa nafasi. Sisi tunaona ana jambo anaficha.

Watoto waandikishe mapema, Januari mikondo inajaa tena siku hizi, alhamdulillahi. Watakujia na lafudhi ndani ya muhula mmoja, usishtuke mtoto wa Kahama akikujibu "labeka baba".

Wasukuma wapo. Wengi wako serikalini, polisi, bandari, na wengine wamekuja na ng'ombe, wako Handeni na Kilindi zaidi kuliko mjini. Wako pia wa mkonge, Wanyamwezi na Wasukuma wa zamani waliopotelea Ngamiani, lakini hao usitegemee lugha. Jirani yetu barabara ya nyuma babu yake alikuwa wa Nzega, jina la ukoo ni la Kinyamwezi kabisa, ukimsalimia kwa lugha anakuita mgosi. Kwa lugha ya watoto, mlete bibi yao akae miezi mitatu. Joto litamsumbua mwezi wa kwanza wa pili, alete khanga nyepesi.

Kuhusu nyumba, nimeuliza leo sokoni. Yule mama wa Bumbuli ana shemeji yake Mwanzange, nyumba ya vyumba viwili na sebule, maji ya bomba, umeme wa kwenu wenyewe, uwa una ukuta na kamba za nguo hamshei na mtu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, nadhani mitatu atakubali akiona familia. Niandikie ujumbe wa pembeni nikupe namba yake, na umwambie mkeo uwa una mwembe, majani ni ya kufagia kila asubuhi.